Wembe wa Mara Moja

"Mpendwa mteja," alisema Mlezi kwa ile sauti yake laini ya msichana wa mapokezi aliyelala vizuri, "wembe wangu umeshatumika. Tafadhali wasiliana na wakala wako wa karibu."

"Wakala gani?" nikamuuliza. "Nitajie basi. Anakaa mtaa gani?"

"Mpendwa mteja, wembe wangu..."

Nikamzima. Tulikuwa tunabishana hivyo tangu Jumatatu, mimi na yeye, na kila siku alikuwa ananishinda kwa adabu.

Dada Sekela akacheka. Alikuwa amekaa juu ya meza yangu ndefu ya kukunjia miavuli ya kurukia kutoka ndegeni, mahali ambapo hata mkuu wa kituo haruhusiwi kuweka kikombe, anamenya karanga na maganda yanaanguka popote yanapotaka. Shingoni alikuwa na alama nyeusi ya mkanda, pale ulipombana wakati mwavuli wa akiba ulipofunguka.

"Usimgombeze mwenzio, Tusa," akasema. "Huyo ndiye aliyeniokoa."

Ni kweli, na hilo ndilo lililonikera. Wiki iliyopita aliruka kwenda Igolwa kumzalisha mwalimu mmoja. Alitoka mlangoni mwa ndege akiwa mzima, akageuza kifua chini kama alivyofanya miaka yote, halafu ile hewa nyembamba ya juu ikamzimisha. Alipofumbua macho alikuwa ananing'inia juu ya shamba la viazi, watoto wanampungia mikono. Hakuwa amegusa chochote. Mlezi, kijisanduku kisichozidi kipande cha sabuni kilichoshonewa mgongoni mwake, ndiye aliyepima hewa, akaona ardhi inakuja na mtu wake havuti kamba, akaamua mwenyewe.

Anavyoamua ni hivi. Mwavuli wa akiba, ule wa kumwokoa mrukaji asipovuta kamba ya mwavuli mkubwa, hubanwa ndani ya mfuko wake na kitanzi kimoja cha uzi mgumu. Kitanzi hicho hupita ndani ya kikopo cha chuma chenye wembe mfupi kuliko ukucha, na nyuma ya wembe kuna chembe ya baruti. Mlezi akiamua, baruti inawaka, wembe unakata kitanzi, mwavuli unaruka nje. Yote hayo hayafiki muda wa kupepesa jicho. Lakini wembe ukishafyatuka umekwisha. Haunolewi, haujazwi baruti upya. Unatafuta mwingine.

Na mwingine haupo. Kampuni iliyomtengeneza Mlezi iliacha zamani vifaa vya kuangukia, ilipogundua kwamba tajiri hataki tena kuanguka, anataka kupaa. Siku hizi inauza makoti ya kupaa, na ukiuliza habari za Mlezi wanakutumia picha ya koti. Sisi tumebaki na miavuli, na sauti ya msichana, na mlango wa ndege ambao nao ni wa kampuni hiyo hiyo: haufunguki mpaka taa ya Mlezi wa mrukaji iwe ya kijani. Unaweza kuusihi mlango ule mpaka ukauke koo. Hauna masikio.

Kituo chetu cha Masebe kiko bondeni, kwenye mpunga na kakao. Watu tunaowahudumia wako juu, kwenye tambarare ya baridi, na barabara ya kwenda kwao ilishuka na mlima miaka ile ya mvua kubwa, ikatengenezwa, ikashuka tena, watu wakachoka. Viwanja vya ndege vya huko vilikwenda na maji. Droni zinapeleka damu na dawa. Kioo cha daktari kipo kila kijiji, na ndani yake daktari wa mjini anakwambia kwa ufasaha kabisa mtoto aliyekaa vibaya anageuzwaje. Tatizo ni kwamba kioo hakina mikono. Kwa hiyo mikono ilikuwa inarushwa kutoka angani, nayo ilikuwa mikono ya Sekela Mwambene, mkunga wa mwisho wa Masebe aliyekubali kuruka. Kwenda ni dakika chache. Kurudi ni kwa miguu, siku nyingi, kwenye tope.

"Acha kuruka, dada," nilimwambia. "Umezimia mara moja, utazimia tena."

"Nitazimia, ndiyo. Ndiyo maana nakuambia unitafutie wembe."

Nikatafuta. Niliuliza kwa wauza vyuma chakavu Mbeya mjini, wakaniletea nyembe za kunyolea. Nikapata jamaa Nairobi anayekusanya vitu vya kale vya anga; alinionyesha wembe mpya kabisa ndani ya kabati la kioo, akasema hauuzwi, anapenda tu kuutazama. Nikamwambia kuna watu wanakufa. Akasema anasikitika sana, na nadhani alisikitika kweli, kwa sababu alizima simu taratibu.

Ndipo Kiponda, mkuu wa kituo, alipoingia karakana bila kubisha hodi.

"Kuna wito kutoka Lumage," akasema. "Binti anaitwa Atupele, mimba ya kwanza. Mtoto amelala kingamo, kichwa hakijaelekea chini, na miguu ya mama imevimba. Daktari wa kwenye kioo anasema uchungu ukimkuta hivyo hivyo, basi."

"Tumewajibu nini?"

"Nimewajibu ukweli. Kwamba tumekosa kipuri." Akafikicha macho. "Nimempigia na mama yake, yuko Matema. Unajua ameniuliza nini? Ameniuliza hicho kipuri kinafananaje."

*

Mama Atupele alikuwa fundi cherehani. Nyumba yake iko nyuma ya magofu ya hoteli moja ya ufukweni ambako, enzi za watalii, wazungu walikuwa wanalipa ili watupwe kutoka kwenye ndege. Hoteli ilipofungwa, vitu vyake viligawanywa na wenyeji kwa utaratibu wa kawaida, yaani aliyewahi ndiye aliyepata. Wengine walipata vitanda. Yeye alipata miavuli.

"Nilishona magauni," alinieleza huku ananivutia kiti. "Kitambaa kile hakichaniki, mwanangu. Kata nzima hii imeolewa kwa miavuli. Hata Atupele alivaa hicho hicho siku ya harusi, cheupe pe, na mkia mpaka nje ya kanisa."

Ukutani palikuwa na picha. Nilimwona binti mwenye mashavu ya mama yake, anacheka na mtu ambaye hayumo kwenye picha. Nilijilazimisha kuangalia pindo. Lilikuwa limeshonwa vizuri kuliko ninavyoshona mimi.

"Na vile vidude?"

Aliinuka akalileta kopo la maziwa ya unga lililojaa vifungo. Akamimina vifungo mezani, akavipekua kwa kidole, akatenga nyembe tatu. Sikuamini macho yangu. Vikopo vya chuma vilikuwa vizima, waya zake zimekunjwa vizuri, na vibandiko vilivyokuwa na tarehe vimefutika kabisa.

"Nilitaka kuvitupa, lakini kitu cha chuma kina kazi yake siku moja," akasema. "Je, ndivyo?"

"Ndivyo, mama."

Alikaa chini taratibu, akafumba macho, midomo inacheza. Nilijua anaomba. Mimi nilikuwa naangalia mahali alipolitoa kopo: kirafu chini ya bati, juu kidogo ya meza ya pasi ya mkaa. Joto la bati mchana, mvuke wa pasi, unyevu wa ziwa, kwa miaka yote hiyo. Baruti ni kama unga wa ugali, ukiuweka vibaya hauoni kilichoharibika mpaka upike.

"Kopo hili limekaa hapo siku zote?"

"Siku zote. Kwani kuna ubaya?"

"Nauliza tu, mama."

Aliniwekea nyembe zote tatu kiganjani, akakikunja kiganja changu kwa mikono yake miwili. Mikono ilikuwa na joto.

"Mmoja wa Atupele," akasema, "na mbili za wenzake watakaofuata huko juu. Sitaki kitu. Nataka muende, mwanangu. Ndaga fijo, asanteni sana."

*

Asubuhi yake uwanja ulikuwa umetulia. Ndege zetu ni nyepesi, mabawa ya jua, na zinakwenda tu kabla upepo wa ziwa haujaamka; ukishaamka, rubani hawashi hata taa. Kwa hiyo kila kazi ya Masebe hufanywa kwa kusikilizia majani ya migomba. Yakianza kuchezacheza, siku imekwisha.

Sekela alikuwa ameshavaa, amebakiza kuvishwa mwavuli. Kiponda alikuwa anazunguka. Na mimi nilikuwa nimetoa sufuria ya presha.

"Unapika nini?" Kiponda akauliza.

"Anga."

Ndivyo Mlezi anavyojaribiwa. Unamtia ndani ya sufuria ya presha, waya wa wembe umeunganishwa, unaivuta hewa kwa pampu ili adhani amepanda juu kule. Kisha unaiachia hewa irudi kwa nguvu. Yeye hana macho. Anajua hewa tu. Hewa ikiwa nzito ghafla anaona anaanguka, na akiona hakuna anayevuta kamba, anafyatua. Shida ni moja, na Kiponda aliiona upesi.

"Ukiujaribu umeutumia."

"Ndiyo."

"Tunazo tatu tu, Tusa."

"Ndiyo. Na zote zimekaa kopo moja, juu ya pasi. Kama huu umekufa, na nyingine huenda zimekufa. Siwezi kumvalisha mtu kitu cha kubahatisha."

Alikasirika, lakini hakuwa na la kufanya. Masebe mwavuli wa akiba haupandi ndege bila uzi mwekundu na muhuri wa fundi wa madini ya risasi, na hakuna mtu, awe mkuu au waziri, anayeruhusiwa kumwamuru fundi aubane muhuri. Sheria hiyo tuliilipia. Mlezi huhesabu kwamba ardhi ni pale alipowashwa; ukimwasha bondeni na usimwambie kwamba unakwenda kutua mlimani, atasubiri ardhi ya bondeni, nawe utakuwa umeshaikuta ya mlimani. Fundi aliyenitangulia aliharakishwa na mkuu wa wakati ule, akasahau kumwambia Mlezi, na siku hiyo hiyo muuguzi wetu Ambakisye naye akazimia. Walimleta kwa machela, amefunikwa uso. Tangu hapo neno la mwisho ni la fundi.

Nikavuta hewa, nikasubiri, nikaachia.

Tak.

Sauti ndogo, kama mtu kavunja kijiti. Nilipofunua, kitanzi kilikuwa kimekatwa safi. Sekela alipiga kigelegele, Kiponda akanikumbatia bila kukusudia akajitoa haraka, na mimi, sifichi, nilitoa machozi.

"Haya," Kiponda akasema. "Funga mwingine, bana muhuri, tuondoke. Upepo bado umelala."

Nikashika wembe wa pili. Nikashika na wa tatu. Zilikuwa sawa, huu na huu. Nikazikagua mpaka macho yakauma.

"Mmoja mzuri hautuambii kitu," nikasema. "Nataka kujaribu mwingine."

"Wazimu huu!" Kiponda akafoka. "Mlezi ukishamfyatua lazima umtulize, umdanganye upya namba za urefu, hewa ya sufuria ivutwe tena. Upepo utakuwa umeamka. Utakuwa umemchelewesha yule binti mpaka kesho!"

"Najua."

"Ngojangoja huumiza matumbo, Tusajigwe."

"Na haraka haraka haina baraka," nikamjibu. Methali zetu hazina msaada. Kila mtu ana ya kwake.

Sekela alitujia katikati. Alikuwa hachezi tena. Alinishika bega.

"Tusa. Mtoto kalala kingamo. Unajua maana yake? Leo nikifika, nitamgeuza kwa mikono, polepole, nikisukuma tumbo kwa nje. Uchungu ukianza na maji yakimwagika, sitamgeuza tena. Nitakuwa namsindikiza tu. Bana muhuri, mdogo wangu. Mimi ndiye ninayekwenda."

"Wewe unazimia, dada."

"Huenda nisizimie."

"Na huenda ukazimia. Halafu wembe usifyatuke. Halafu Atupele afe vilevile, na wewe umekufa, na wote watakaofuata wasiwe na mtu. Niambie, hesabu hiyo inakaaje?"

Alinitazama, na nilichoona usoni mwake hakikuwa hasira. Nilikuwa nampenda mno mwanamke yule, hata nisiweze kufikiri sawasawa. Yeye alijua hilo, na mimi nililijua. Hata hivyo sikubana muhuri. Niliutia wembe wa pili kwenye waya.

Kazi ilichukua asubuhi yote. Migomba ilianza kucheza nikiwa bado namdanganya Mlezi namba. Rubani aliiona, akavua kofia yake, akaenda kunywa chai. Nikavuta hewa. Nikaachia.

Kimya.

Nikangoja. Nikaitikisa sufuria kama mjinga. Halafu kutoka ndani, kwa upole wake wote, Mlezi akasema:

"Mpendwa mteja, mwavuli wako wa akiba umefunguka. Pole kwa usumbufu. Tunakutakia kutua kwema."

Kitanzi kilikuwa kizima. Yeye alikuwa ametuma moto, na kwa akili yake kazi ilikuwa imekwisha. Sekela alikaa chini, juu ya sakafu, mkono mdomoni. Kiponda akatoka nje.

Nilikuwa nimepata nilichokitaka: kujua. Nilijua kwamba wembe mmoja ulikuwa mzima, na huo nilikuwa nimeshautumia. Nilijua mwingine ulikuwa mfu. Ule wa tatu ulikuwa mezani, unang'aa, hausemi.

*

Kesho yake asubuhi niliufunga ule wa tatu. Sekela alisema asipovaa huo mlango haufunguki, na mlango usipofunguka sote twende tukalime mpunga. Alisema pia kwamba angejitahidi asizimie, kama vile kuzimia ni tabia mbaya ambayo mtu anaweza kuiacha. Nilimwambia Mlezi urefu wa mlima, nikaurudia, nikamwita Kiponda naye ausome. Nilikunja mwavuli kwa magoti na viwiko. Nikazungusha uzi mwekundu, nikabana risasi.

Desturi ni kwamba fundi humvisha mrukaji kwa mkono wake na kumwambia, macho kwa macho, "Nimefunga mimi." Basi. Hayaongezwi maneno. Kiponda alikuwa amenionya nisiongeze. Mrukaji mwenye shaka, alisema, mkono wake huchelewa. Lakini nilishindwa kumdanganya.

"Nimefunga mimi," nikasema. "Na sijui, dada. Huu sijui."

"Najua hujui," akasema, akanipigapiga shavuni. "Taa si ya kijani? Basi mlango umeridhika."

Tulikaa kwenye redio. Rubani akatangaza mlango umefunguka. Kisha ule muda mbaya, ambao kwangu mimi ndio kazi yote. Mengine ni kushona tu. Kisha sauti ya Sekela, anahema kwa baridi: "Nimefungua. Kwa mkono. Niko salama." Kiponda akapiga ngumi mezani kwa furaha.

Jua lilikuwa limepanda Sekela aliporudi redioni.

"Tusa, uko hapo?"

"Nipo, dada."

"Uchungu ulimkuta jana, jua likizama. Walihangaika na kioo. Daktari aliwaelekeza mpaka mwisho. Amekata roho alfajiri. Mtoto naye hakutoka. Nimewakuta wanamvua pete."

Redio ilikuwa inakwaruza.

"Wanataka nimwoshe," akasema. "Kwa kuwa nimeshafika."

*

Sekela alirudi kwa miguu, amepungua, soli ya kiatu kimoja imefungwa kwa kamba. Hakunilaumu. Ningeona nafuu kama angenilaumu. Alikuwa amekaa karakanani anakunywa uji mama Atupele alipoingia, amevaa kaniki, na hakuketi nilipomvutia kiti.

"Pole, mama," tukasema sote wawili.

"Nimepoa." Alinitazama. Siku ile ya Matema aliniita mwanangu. "Fundi, nina swali. Nyembe zangu zilifanya kazi?"

Ningeweza kumpa jibu fupi. Sekela alinitazama juu ya kikombe. Nikamweleza yote, sufuria na hewa na kitanzi. Kwamba wa kwanza ulifyatuka, kwamba wa pili ulikuwa mfu.

"Wa kwanza ulipofyatuka, upepo ulikuwa umeamka?"

"Bado, mama."

"Na mwanangu uchungu ulikuwa umemkuta?"

"Bado."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepima kitambaa na kukuta hakitoshi.

"Basi mngekwenda."

"Tungekwenda na wembe mwingine, mama, siyo ule. Ule ulikuwa umekwisha. Zilibaki mbili, na mmoja kati yao ulikuwa mfu. Kama ningemvisha huo, na dada Sekela akazimia..."

"Alizimia?"

"Hapana."

"Na ule mwingine? Wa tatu?"

"Ndio aliokwenda nao. Alifungua kwa mkono, haukuhitajika. Sijui kama ni mzima."

"Uko wapi?"

Niliuonyesha mwavuli uliotundikwa ukutani. Nilikuwa nimeukunja upya siku ile ile ulipoletwa, na taa ya Mlezi ilikuwa inawaka kijani kibichi kizuri. Mama Atupele aliusogelea, akaugusa mfuko kwa vidole vya mtu anayejua kushona.

"Utie kwenye sufuria," akasema.

"Mama?"

"Utie kwenye sufuria, kama zile. Nataka kujua." Sauti yake haikupanda. "Ukifyatuka, nitajua Atupele amekufa kwa sababu ya woga wako. Usipofyatuka, nitajua ulimwokoa dada huyu, nitakupa mkono, nitakwenda zangu nyumbani. Lolote kati ya hayo naliweza. Nimezika mume, nimezika mtoto, naliweza. Nisichokiweza ni hiki cha katikati. Silali."

Sekela aliweka kikombe chini.

"Mama, kule Igolwa kuna binti anakaribia. Damu inamtoka kidogokidogo. Wembe huu ukijaribiwa, mlango haufunguki. Siendi."

"Huyo naye ana mama yake," mama Atupele akasema. "Na atafute kopo lake la vifungo."

Aliona haya, nadhani, kwa sababu alifunika mdomo kwa pindo la kaniki, lakini hakulirudisha neno lake. Nami sikutaka alirudishe. Wembe ulikuwa wake. Alikuwa ameutoa kwa mikono miwili ili mwanawe aishi, mwanawe hakuishi, na sasa alichobakisha kuomba ni ukweli tu, ule ule ambao mimi nilikuwa nimejipa mwenyewe mara mbili, kwa gharama ya mwanawe.

"Siwezi, mama," nikasema.

"Siku ile uliweza."

"Siku ile niliweza, ndiyo."

"Basi siyo kwamba huwezi. Hutaki."

"Sitaki," nikasema. "Nisamehe."

Nilitamani anitukane, anipige hata kofi; nilikuwa nimeshaweka uso tayari. Badala yake alijifunga kaniki vizuri kifuani, akamuaga Sekela kwa mkono, akamshukuru kwa kumwosha mwanawe. Kwangu hakuleta mkono. Sekela alitaka kumsindikiza mpaka barabarani, akakataa. Tulimwona kupitia dirisha anakata uwanja peke yake, pembeni mwa ndege, bila kuitazama.

Sekela aliosha kikombe chake. Alikifuta, akakiweka juu ya meza yangu ya kukunjia, na mara hii sikumkemea.

"Hata mimi ningependa kujua, Tusa," akasema.

Jumatano asubuhi, migomba ikiwa imetulia, aliruka kwenda Igolwa na wembe ule wa tatu.